Jambo la mtaa wako lifike Baraza la Madiwani Dodoma: namna ya kulipeleka na kulifuatilia mpaka lijibiwe

Mbukwenyi ndugu zangu. Hii naandika kwa urefu kwa sababu kila mvua zikianza hapa Dodoma malalamiko yanakuwa yale yale, korongo limekula njia ya watoto kwenda shule, takataka zimerudi nyuma ya soko, eneo la wazi limeota mawe ya kupimia na hakuna anayejua yamewekwa na nani, zahanati ya wananchi imeishia kwenye lenta. Watu wanalalamika kwa uchungu kabisa lakini yote yanaishia kwenye grupu la wasap la mtaa, halafu baraza la madiwani linakaa, linapitisha mambo ya robo mwaka, na jambo lenu halimo hata kwenye makabrasha. Hakuna aliyewakataa, hamkuandikwa popote.

Sasa hapo ndipo pa kuanzia. Halmashauri inafanya kazi kwa maandishi. Diwani anaweza kuwa na moyo mzuri, mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa jirani yako mnaechota maji bomba moja, lakini jambo linapanda kutoka mtaani kwenda kata, kutoka kata kwenda jiji kwa njia moja tu nayo ni muhtasari wa kikao. Mtaa unaandika muhtasari, kata inaupokea na kuandika wa kwake, wataalam wa jiji wanauchambua, kamati inajadili, baraza linaamua. Pakikatika sehemu moja basi jambo limefia hapo na wewe mtaani unaendelea kusubiri mwaka mzima. Kwahiyo hatua zote nitakazoeleza hapa chini lengo lake ni moja, kuhakikisha jambo lenu limeandikwa kila ngazi na wewe una kopi.

Hatua ya kwanza: jua jambo lako ni la nani

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza miezi. Unakuta mtu anamkalia diwani kooni kwa ajili ya mita ya maji, au anaenda ofisi za maji kulalamikia takataka.

Tuanze na yale ya Jiji lenyewe. Shule za msingi na sekondari za serikali, zahanati na vituo vya afya, masoko na stendi, uzoaji taka na dampo, maeneo ya wazi na makaburi, michoro ya mipangomiji, vibali vya ujenzi, kubadili matumizi ya kiwanja, sheria ndogo na ushuru wake, pamoja na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hayo yote yanapita kwenye baraza la madiwani, na hapo diwani wako ana kura.

Barabara za mtaani, mitaro yake na makalavati ni TARURA tangu 2017. Barabara kuu, mfano zile za kwenda Morogoro, Singida, Iringa na Arusha, ni TANROADS. Maji mjini ni DUWASA, vijijini ni RUWASA iliyoanza 2019, umeme ni TANESCO. Hawa hawako chini ya Mkurugenzi wa Jiji, wana mameneja wao na bajeti zao. Haina maana kwamba diwani hana la kufanya, maana taasisi hizi huitwa kwenye vikao vya kata na vya jiji kutoa taarifa na hapo wanaulizwa mbele za watu, lakini barua yako ya msingi iende kwa meneja wa taasisi husika halafu nakala iende kwa mtendaji wa kata na diwani. Ukifanya kinyume barua itazunguka ofisi na ofisi.

Na kwa upande wa ardhi Dodoma tuna historia yetu. Kuanzia 1973 mpaka 2017 viwanja vya mji huu vilikuwa mikononi mwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Rais Magufuli aliivunja tarehe 15 Mei 2017, kazi zake zikahamia halmashauri, na 26 Aprili 2018 manispaa ikatangazwa kuwa Jiji. Kwahiyo kama mzee wenu ana karatasi za CDA, au mnabishana na mtu ambaye naye ana karatasi za CDA za eneo lile lile, suala hilo siku hizi linaanzia idara ya ardhi na mipangomiji ya Jiji. Msitupe hizo karatasi hata kama zimechakaa kiasi gani, piga kopi, weka mbali na maji.

Jiji letu lina kata 41 na mitaa 222. Fikiria maombi ya mitaa 222 yanayogombea mfuko mmoja, utaelewa kwanini ombi la mdomo halifiki mbali.

Hatua ya pili: kusanya vitu vya kushikika

Kabla hujaenda kwa mtu yeyote pata picha zenye tarehe, jina la mahali linaloeleweka, na vipimo. Usiseme "korongo ni kubwa sana", chukua futi kamba pima, sema lina upana wa mita kadhaa na liko mita kadhaa kutoka ukuta wa darasa, piga picha kamba ikiwa imelazwa pale pale. Mtu wa ofisini ambaye hajafika kwenu akiona ile kamba na ule ukuta kwenye picha moja hahitaji maelezo marefu.

Kama ni eneo la wazi kazi inakuwa zaidi kidogo lakini ndio muhimu kuliko zote. Chukua namba za viwanja vinavyozunguka eneo na jina la kitalu, majirani wenye hati wanazo, halafu nenda idara ya mipangomiji uombe kuonyeshwa mchoro wa eneo hilo. Kwenye mchoro kila kipande kimeandikwa matumizi yake, makazi, biashara, shule, eneo la wazi, kuabudia. Andika namba ya mchoro. Ukishakuwa na namba ya mchoro mazungumzo yanabadilika kabisa, maana mwanzo ulikuwa mtu anayelalamika kwamba "pale tangu zamani watoto wanachezea mpira" na sasa ni mtu anayeuliza ni lini matumizi yaliyoandikwa kwenye mchoro namba fulani yalibadilishwa, kwa kikao kipi, na tangazo liliwekwa wapi. Kubadilisha matumizi ya ardhi kuna utaratibu wake chini ya Sheria ya Mipangomiji ya 2007, linatakiwa litangazwe ili wenye pingamizi walete, lipite kwenye kamati. Mtu hawezi kuamka asubuhi akaweka mawe.

Na mkiona bango la tangazo la kubadili matumizi limesimikwa kwenye kiwanja mtaani kwenu msipite tu. Lisomeni, pigeni picha, muda wa kuleta pingamizi upo umeandikwa hapo hapo, na ukipita mmejifungia mlango wenyewe. Nimeshaona mtaa mmoja watu wanalisema bango kila siku wakipita kwenda sokoni na hakuna hata mmoja aliyeandika mistari mitano kupinga, jengo limepanda ndio wanaanza kutafuta waandishi wa habari.

Hatua ya tatu: mkutano mkuu wa mtaa

Usianzie kwa diwani, anzia mtaani, kwa sababu diwani akienda kata bila azimio la mtaa ataulizwa mtaa ulisemaje.

Kwanza watu waelewane na vyeo. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa mliwachagua wenyewe, mara ya mwisho ilikuwa 27 Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri na ndiye katibu, ndiye anaeandika. Yule balozi au mjumbe wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, tunamheshimu, anafahamu watu, lakini barua ya serikali haiishii kwake. Kina mama wengi hasa wakubwa wanamwambia balozi na wanahesabu wameshapeleka, kumbe haijafika ofisi ya mtaa.

Andikeni barua ya kuomba ajenda. Isiwe ndefu, iwe hivi:

"Mwenyekiti wa Mtaa, Mtaa wa (jina), Kata ya (jina), Dodoma.

YAH: OMBI LA KUINGIZA AJENDA YA KORONGO LILILO NYUMA YA SHULE YA MSINGI KATIKA MKUTANO MKUU WA MTAA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi wa mtaa huu ambao majina na saini zetu zimeambatanishwa, tunaomba mkutano mkuu ujao ujadili korongo lililopo nyuma ya shule ambalo limebakiza mita (idadi) kufika ukuta wa darasa. Tunaomba mkutano uazimie jambo hili lifikishwe Kamati ya Maendeleo ya Kata. Picha na vipimo vimeambatanishwa.

Nakala: Mtendaji wa Kata. Mheshimiwa Diwani."

Basi. Hamna haja ya kuweka lugha kali wala historia ya uongozi uliopita. Toa kopi mbili, moja wanabaki nayo, moja wakugongee muhuri wa kupokea na tarehe. Ukiambiwa mhuri haupo leo rudi kesho, usiache barua bila muhuri, barua isiyo na muhuri ikipotea ni neno lako dhidi ya neno la mwenye ofisi. Na mwongee kwa adabu, "shikamoo mwenyekiti, tumeleta jambo la mtaa tunaomba ulipokee", huyu mtu hana mshahara wa maana kwa hiyo kazi na ugomvi wote wa mtaa unaishia mlangoni kwake, mkimfanya adui kabla hajasoma barua mmejichelewesha wenyewe.

Kwa ndugu zetu wa vijijini huko Bahi, Chamwino, Kongwa, Chemba na kwingine, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, na una nguvu kubwa, halmashauri ya kijiji haitakiwi kumgawia mtu ardhi ya kijiji bila mkutano mkuu kuridhia. Mwekezaji akija na gari zuri na akakaa na watu wachache ofisini, ulizeni mkutano mkuu uliridhia tarehe ngapi na muhtasari uko wapi.

Siku ya mkutano sasa. Mnaijua mikutano yetu, chini ya mwarobaini au uwanja wa shule, viti vya plastiki vya viongozi mbele, kina mama kwenye khanga upande mmoja, vijana wamesimama nyuma na pikipiki zao, na saa ya kwanza yote inaliwa na matangazo ya watu wengine. Mambo matatu yasiwapite. La kwanza, hakikisheni watu wanasaini daftari la mahudhurio wanapofika, sio mwishoni wakati nusu wameshaondoka. La pili, jambo lisiishie kwenye "wananchi walilalamika", liishie kwenye azimio, mwenyekiti aulize wanaoafiki wanyooshe mikono, wahesabiwe, na mtendaji aandike mkutano umeazimia nini, nani alipeleke wapi, na lini mrejesho utaletwa. Mtu mmoja asimame aombe mtendaji alisome lile azimio kwa sauti kabla ya kufunga. Inachukua dakika moja na ndio dakika yenye faida kuliko zote za siku hiyo. La tatu, taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Kama mlichangishwa matofali au hela ya ulinzi ni haki yenu kujua, na mchango wowote bila risiti msitoe.

Baada ya siku chache rudi ofisi ya mtaa uombe kopi ya muhtasari uliosainiwa.

Hatua ya nne: kata

Kamati ya Maendeleo ya Kata, wengi tunaiita WDC, mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa yote ya kata ni wajumbe. Hapa mwenyekiti wenu anashindana na wenyeviti wenzake na kila mmoja ana korongo lake. Msaidieni, mpeni picha zilizochapwa, sio za kwenye simu, aziweke mezani. Na muulizeni mtendaji wa kata kikao kinachofuata ni lini ili muhtasari wa mtaa umfikie kabla, maana kikao kikishapita mnasubiri robo nyingine.

Kwenye kata ndio kuna wataalam pia, afisa afya, afisa maendeleo ya jamii, afisa elimu kata, afisa kilimo. Kama jambo lenu ni la mazingira mtafuteni afisa afya aje aone kwa macho na aandike ripoti yake, ripoti ya mtaalam ikiambatana na muhtasari ina uzito kuliko saini mia za wananchi. Inauma kusikia hivyo lakini ndivyo inavyokwenda.

Hatua ya tano: wahini bajeti

Hili ndilo ninalotaka mtu akilisoma alishike vizuri.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai unaisha 30 Juni. Vipaumbele vya mitaa na kata vinaanza kukusanywa miezi ya mwisho wa mwaka, mpaka Januari Februari rasimu ya bajeti ya halmashauri inakuwa kwenye kamati na baraza, ikitoka hapo inaenda ngazi ya mkoa na wizara, halafu Bunge linakaa hapa hapa kwetu Aprili mpaka Juni kupitisha. Sasa angalieni mvua za Dodoma, tuna msimu mmoja tu, zinaanza Novemba au Desemba zinaisha Aprili. Maana yake watu wanaanza kulalamika korongo na mafuriko Januari, wakati karatasi za bajeti zimeshapangwa, na mvua zikiisha wanasahau, ardhi inakauka, vumbi linarudi, mpaka mwezi wa kumi na mbili tena. Kila mwaka tunachelewa kwa namna ile ile.

Mwenye akili atafanya kazi hii mwezi wa nane mpaka wa kumi. Wakati huo korongo ni kavu, unaingia ndani unapima vizuri, unaona mizizi na msingi wa nyumba ulivyobaki hewani, mtaalam anaweza kufika na gari bila kukwama. Mkutano wa mtaa ufanyike kipindi hicho, WDC ipokee kipindi hicho, jambo liingie kwenye vipaumbele vya kata vinavyopelekwa kwenye bajeti. Mkikosa hapo kinachobaki ni kuombea fedha za dharura.

Na mkiombwa kutaja vipaumbele msitaje kumi. Tajeni viwili au vitatu kwa mpangilio. Mtaa ukileta orodha ya mambo kumi na tano mtu wa mipango atachagua lililo rahisi kwake, na mara nyingi sio lile linalowaumiza.

Kwa zahanati na madarasa kuna kitu cha nyongeza. Utaratibu uliozoeleka ni wananchi kuanzisha boma, yaani kusimamisha kuta za jengo, kwa nguvu zao halafu serikali inamalizia. Kabla hamjachimba msingi hakikisheni eneo limepimwa na linasomeka kwenye mchoro kama eneo la huduma hiyo, na kwamba halmashauri ina taarifa na imetoa ramani ya jengo. Kuna boma moja nalijua hapa pembeni ya mji, watu walibeba mawe vichwani, kina mama walichota maji ya zege alfajiri, kuta zikafika juu, halafu ikaonekana vyumba havilingani na ramani ya wizara na kiwanja kina mgogoro. Kuta zipo mpaka leo zimeota nyasi.

Hatua ya sita: ndani ya Jiji, kamati na baraza

Ukipeleka barua Jiji pitia masijala, ofisi ya kupokea na kutunza barua, andikia "Mkurugenzi wa Jiji", gonga muhuri, uliza jalada lako limeenda idara gani. Rudi baada ya wiki kadhaa uulizie kwa tarehe na kichwa cha barua.

Baraza kamili la madiwani linakaa kila robo mwaka, lakini mambo mengi yanakuwa yameshapikwa kwenye kamati za kudumu. Kamati ya Fedha na Utawala inakaa kila mwezi, kuna ya Mipangomiji na Mazingira, kuna ya huduma za uchumi na jamii. Jueni diwani wenu yuko kamati gani. Kama jambo lenu ni la eneo la wazi na yeye hayupo kamati ya mipangomiji, mwombeni azungumze na mjumbe aliyepo, na mpeni karatasi moja, ukurasa mmoja tu, wenye namba ya mchoro, tarehe ya azimio la mtaa, tarehe ya WDC na ombi lenu kwa sentensi moja. Madiwani wanapewa makabrasha mazito, ukurasa mmoja utasomwa.

Siku za baraza kwa kawaida kuna siku ya kuwasilisha taarifa za kata na siku ya baraza lenyewe. Siku ya taarifa za kata ndio nafasi ya diwani wenu kusoma yenu, na pia kanuni za kudumu zinampa nafasi ya kuuliza maswali. Mikutano ya baraza ni ya wazi, mwananchi anaruhusiwa kuingia akae sehemu ya wageni asikilize, huongei lakini unasikia. Nendeni watu watatu wanne, vaeni kwa heshima, zimeni simu, andikeni. Diwani akiona watu wa mtaa wake wamekaa pale nyuma na daftari hatasoma taarifa ya kata kwa haraka haraka. Na wale wataalam wakijibu "suala hilo linafanyiwa kazi" nyie mnaandika nani kajibu na tarehe.

Sheria ndogo nazo msizipuuze. Ada ya taka, ushuru wa soko, faini za kutupa taka, zote zinatoka kwenye sheria ndogo, na kabla baraza halijazipitisha zinatakiwa kutangazwa wananchi watoe maoni, halafu zinaenda kwa waziri kusainiwa na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Tangazo linabandikwa ubao wa kata, mara nyingi katikati ya matangazo ya ajira na ya watu waliopotelewa na mifugo. Kijana mmoja wa mtaa apewe kazi ya kupita pale kila Ijumaa apige picha ubao mzima aweke kwenye grupu.

Nyumba na fidia

Mji unakua kwa kasi, mji wa serikali Mtumba, uwanja wa ndege Msalato, barabara ya mzunguko, reli, na pembezoni kama Nala, Zuzu na Ntyuka mashamba ya mtama na zabibu yanageuka viwanja. Ukiambiwa eneo lako linatwaliwa au linapimwa usisaini kitu siku hiyo hiyo. Omba kopi, nenda nayo nyumbani, msome mkiwa familia, baba, mama na watoto wakubwa.

Fidia kisheria sio bei ya nyumba peke yake. Kuna thamani ya ardhi, jengo na mazao, kuna posho ya usumbufu, kuna posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya miezi 36, kuna usafiri wa mizigo wa tani 12 kwa umbali wa kilomita 20, na kama una biashara kuna hasara ya faida. Shamba tupu lisilo na mtu anaekaa halipati posho ya makazi wala usafiri. Siku ya uthamini uwepo mwenyewe, kila mti uhesabiwe, mzabibu, mwembe, choo, kisima, uzio wa miti, piga picha na mthamini akiwepo, na bakia na kopi ya fomu uliyosaini. Malipo yakipita miezi sita tangu uthamini uidhinishwe yanatakiwa yawe na riba, na ikipita miaka miwili uthamini unatakiwa ufanywe upya. Wazee wetu wengi hawalijui hili, wanapokea hela ya uthamini wa zamani wakati kiwanja cha kuhamia kimeshapanda bei.

Kwa upimaji wa kushirikiana, kwamba wewe unatoa shamba na unarudishiwa viwanja kadhaa, makubaliano ya mgao yaandikwe kabla ya mpima kuingia na yasainiwe mbele ya uongozi wa mtaa. Malipo yote ya serikali yanapita kwa kontrol namba. Anayekuambia mtumie kwenye simu yake binafsi ili akuharakishie, mwache.

Mkigombana mipaka na jirani, Baraza la Kata tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, likishindwa ndani ya siku 30 mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Takataka, mchanga na miti

Haya yana mtu wake, afisa mazingira wa Jiji, na ikiwa ni kiwanda au mradi mkubwa ni NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Mradi mkubwa unatakiwa uwe na tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004 na wananchi wanaoathirika waulizwe, kwahiyo ombeni kuona cheti. Sheria hiyo hiyo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, wachimba mchanga na wanaojenga kwenye mikondo ya maji wakumbushwe. Dodoma ni kavu, tunategemea sana visima vya Makutupora, mkondo ukifukiwa na vifusi maji yanatafuta njia nyingine na njia hiyo ni sebuleni kwa mtu.

Hatua ya saba: wakikaa kimya, au wakikataa

Kimya kikizidi andika barua ya kukumbusha, taja tarehe ya barua ya kwanza, ambatanisha kopi yenye muhuri. Bado kimya, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, omba kwa maandishi muhtasari au uamuzi unaoutaka, wana siku 30 za kukujibu. Kwa mambo ya hela soma ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ya serikali za mitaa inayotoka kila mwaka, iko wazi kwa kila mtu, tafuta jina la halmashauri yako ndani yake. Mkiombwa rushwa piga 113 TAKUKURU, ni bure.

Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa wana siku za kusikiliza kero, nendeni pia, ila nendeni na bahasha yenye zile karatasi zote kwa mpangilio wa tarehe kuanzia barua ya mtaa. Mkuu akimwita mtaalam pale pale na wewe una kila kitu mkononi mtaondoka na tarehe ya utekelezaji.

Baraza likikataa ombi lenu ombeni sababu kwa maandishi. Kama sababu ni fedha, rudini kwenye vipaumbele mwezi wa nane unaofuata mkiwa na karatasi zile zile, hamuanzi upya, azimio la zamani bado ni lenu. Kama sababu ni sheria au mchoro umebadilishwa, tafuteni mwanasheria mapema, kwa sababu kuishtaki serikali kunahitaji notisi ya siku 90 kwanza na wakati huo ujenzi unaweza kuwa unaendelea. Asiye na uwezo aulizie msaada wa kisheria kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, watoa huduma hiyo wamesajiliwa na huduma ni bure.

Makaratasi yote yakae sehemu mbili, kwa katibu mliemchagua na kwa mtu mwingine wa nyumba tofauti, na mwenyekiti mpya wa mtaa akichaguliwa apelekewe kopi wiki yake ya kwanza ofisini.